Nina sauti kumi na mbili, naweza kuishi kwa komedi na kazi ya sauti?

Swali lililokuja ni hili: "Shikamoo kaka. Nina miaka 23, nipo Morogoro, nachekesha kwenye klipu fupi na watu wananiambia naweza sauti kama kumi na mbili hivi, ya bibi, ya mtoto, ya mchungaji, ya konda, ya mlevi. Nasikia kuna watu wanaingiza sauti kwenye tamthilia za nje na katuni na wanalipwa. Nimeona pia habari za Mmarekani mmoja Mel Blanc, kwamba katuni karibu zote za zamani ni yeye. Je mtu akianza na komedi anaweza kuhamia kwenye sauti au ni vitu viwili tofauti? Na mtu wa kazi hiyo anaishije? Nyumbani wananiambia nitafute kazi ya maana."

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili tatu kabla sijaandika kitu, maana hii kazi ya kuingiza sauti ndo imenisomeshea watoto, na kabla yake nilikuwa nachekesha kwenye maharusi na redioni, kwaiyo njia unayoiulizia nimeipita kwa miguu yangu. Kwa kifupi ndiyo, komedi na sauti ni ndugu wa tumbo moja, na wengi waliofika mbali kwenye sauti walitokea kwenye kuchekesha. Ila kuna sehemu kwenye swali lako imenigusa, umeandika "sauti kumi na mbili" kama mtu anavyohesabu mashati kabatini. Naanzia hapohapo, na kwavile Mel Blanc umemtaja mwenyewe basi nitapita naye, maana maisha yake yanajibu karibu kila ulichouliza.

Huyu mzee alizaliwa 30 Mei 1908 San Francisco, akakulia Portland kule Oregon. Alianza na muziki, violin na lile tarumbeta kubwa la kuvaa mwilini, na mwaka 1927 akaanza kusikika redioni. Mwaka 1933 akaoa, mkewe anaitwa Estelle, wakapewa kipindi kwenye kituo cha KEX hapohapo Portland, saa nzima, siku sita kwa wiki. Kituo hakikuwa na hela ya kulipa waigizaji wengine. Wewe fikiria, saa moja kila siku, mpo wawili, na hadithi inataka watu kumi. Ikabidi azifanye zile sauti yeye na mkewe, hakukuwa na namna. Yani zile sauti nyingi unazozisikia zikisifiwa zilizaliwa na ukata.

Sasa hapo kuna jambo naomba utulie nalo. Msikilizaji wa kipindi cha kila siku ni yuleyule, na sauti ya kuchekesha tu, sauti tupu, Jumatatu watu watacheka, Jumanne watatabasamu, Jumatano watazima redio. Ili mtu arudi Alhamisi inabidi yule anayeongea awe mtu, ana shida zake, ana tabia, msikilizaji anataka kujua leo kafanya nini. Kwaiyo nakuuliza, huyo bibi wa kwenye klipu zako anaitwa nani? Goti linalomuuma ni la kulia au la kushoto? Akikasirika anapandisha sauti au anaishusha? Marehemu bibi yangu mzaa mama akikasirika alikuwa anaongea taratibu kuliko kawaida, anakuita jina lako lote mpaka la ukoo, na sisi wajukuu tulikuwa tunaogopa ule utaratibu kuliko fimbo. Hiyo ndo sauti ya bibi. Kutetemesha koo na kukwaruza kidogo kila mtu anaweza, hata mwanangu wa darasa la nne anaweza.

Mfano mzuri kabisa ni mmoja alioufanya Blanc kwenye kipindi cha komedi redioni cha George Burns na mkewe Gracie Allen, alikuwa mtu wa posta, na jina lake ni Posta Mwenye Furaha. Anakuja na barua anaongea kwa sauti ya mtu aliyetoka kuzika, karibu analia, alafu anawaambia watu waendelee kutabasamu. Hakuna sauti ya ajabu pale, koo lake halijafanya sarakasi yoyote, kichekesho chote kipo kwenye jina kwenda huku na sauti kwenda kule. Mtu akishakuwa na mgongano wa namna hiyo ndani yake unaweza kumrudisha kila wiki na hachoshi.

Baadae akahamia Los Angeles akawa anataka kuingia studio ya katuni za Warner, wakati ule mwenye nayo alikuwa Leon Schlesinger. Anasimulia mwenyewe kwamba aligonga ule mlango kwa zaidi ya mwaka, anarudi anaambiwa waigizaji wametosha, anarudi tena, mpaka yule aliyekuwa anamkataa alipofariki na mwingine akakubali kumsikiliza. Akaingia mwishoni mwa 1936, kazi ya kwanza akapewa fahali mlevi. Unaona, wewe una mlevi kwenye zile kumi na mbili zako, basi huyo usimtupe.

Kilichofuata ndo nakipenda kuliko vyote. Yule nguruwe Porky anayegugumia alikuwa anaigizwa na jamaa anaitwa Joe Dougherty, na Joe alikuwa na kigugumizi cha kweli, sio cha kuigiza. Sasa tatizo likawa mistari hailingani na muda, leo sentensi inachukua sekunde tano, kesho ishirini, filamu ya kurekodia inaisha na hela inaisha. Hakuwa na kosa lolote masikini, ndo alivyoumbwa. Mwaka 1937 wakampa Blanc, na yeye akaleta kigugumizi anachoweza kukiwasha na kukizima pale anapotaka, akakwama kwenye neno, akaliacha, akatafuta jingine likapita. Kwenye filamu hiyohiyo ya kwanza ndo bata Daffy naye akatokea mara ya kwanza, na ni Blanc tena. Ninachotaka uone hapa ni kwamba studio haikulipii wewe kuwa hivyo, inakulipia kuweza kurudia kitu hichohicho mara kumi na moja, kwa urefu uleule, alafu ya kumi na mbili ukaibadilisha kidogo pale dairekta anapotaka. Kwenye klipu yako ukikosea unafuta, unarekodi tena ukijisikia. Kwenye chumba cha kurekodia kuna watu wanne nje ya kioo na saa inalipiwa.

Alafu alikuwa na kawaida, kabla ya kutoa sauti anaomba aoneshwe mchoro na aelezwe huyu mtu ni nani. Sungura Bugs Bunny, mwaka 1940, akaambiwa ni mjanja, mkavu, haogopi bunduki, akaona huyu lazima awe kijana wa mtaani New York, akachanganya kuongea kwa watu wa Brooklyn na wa Bronx. Kuna mahali bata anajifanya sungura na sungura anajifanya bata, wote wawili ni Blanc, na ukisikiliza kwa makini unamsikia bata akiwa ndani ya sauti ya sungura, anamwigiza vibaya kidogo kama ambavyo bata angemwigiza! Mimi nimeirudia ile sehemu nadhani mara mia. Mtu mwenye sauti kumi na mbili hawezi kufanya hivyo. Mtu mwenye watu kumi na mbili anaweza.

(Ile karoti ya sungura aliitafuna kweli, karoti mbichi, walijaribu vitu vingine havikutoa ule mlio. Shida ni kwamba huwezi kumeza haraka kiasi cha kuwahi mstari unaofuata, kwaiyo alikuwa anatafuna, anatema kwenye ndoo, anaendelea.)

Sasa umeuliza kama komedi na sauti ni vitu viwili. Twende kwa Jack Benny. Huyu alikuwa na kipindi kikubwa cha komedi redioni na baadae kwenye televisheni, na Blanc aliingia pale 1939 kama dubu. Dubu anayelinda hela za Benny, kazi yake kunguruma. Miezi ikapita ananguruma tu, mpaka siku moja akamwendea Benny akamwambia jamani hata kuongea naweza. Ndo akaanza kupewa watu, mwalimu wa violin aliyekata tamaa na mwanafunzi wake, kasuku, hadi gari. Yule gari bovu la Benny, siku moja rekodi ya mlio wake haikupiga wakiwa hewani, Blanc akaikimbilia maiki akakohoa, akapiga chafya, akatetemeka mpaka gari likazima, na kuanzia hapo gari likawa yeye.

Ila kile cha kukisoma ni mtangazaji wa stesheni ya treni. Anatangaza treni inaondoka, anataja miji mitatu ya California, Anaheim, Azusa na Cucamonga. Basi, hakuna utani mwingine. Ila ile Cucamonga anaikata, anasema "Cuc" alafu kimya. Watu wanasubiri. Kimya. Maongezi mengine yanaendelea. Alafu kwa mbali, "amonga". Kila walivyorudia wiki zilizofuata ule ukimya ukawa mrefu zaidi, kuna siku waliweka kichekesho kingine kizima katikati ya neno moja! Jaribu mwenyewe ukiwa konda wako wa basi la Moro, "Kibaha, Mlandizi, Chali…" nyamaza, zungumza na abiria, rudisha chenji, gombana na mtu wa mzigo, alafu "…nze". Ukiwahi hakuna kicheko, ukichelewa sana watu wameshasahau. Hapo katikati kuna sehemu moja, na hakuna anayeweza kukuonesha ilipo kwa maandishi, inabidi uikosee mbele ya watu mara nyingi mpaka mwili wako uijue. Ndomana nakwambia wachekeshaji wana mtaji mkubwa kwenye kazi ya sauti. Wana masikio ya ukimya.

Kitu ambacho wachekeshaji wa TV wanakipoteza wakija kwenye maiki ni uso. Marehemu King Majuto wa Tanga alikuwa anaweza kunyamaza akamtazama mtu na nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Kwenye maiki macho hayapo, mabega hayapo, kwaiyo kila kitu ambacho uso wako unafanya inabidi kiingie kwenye pumzi, na cha ajabu njia ya kukiingiza ni kufanya uso kwelikweli. Ukiigiza mtu anainama, inama. Anabeba gunia, jikaze kama una gunia. Nimefundisha vijana wanaosimama wima kama wapo kwenye gwaride wanasoma skripti, sauti ni nzuri lakini mtu hayupo, nikimwambia kunja mgongo, sekunde hiyohiyo mzee anatokea.

Jambo moja la huzuni kidogo kwenye historia ya Blanc, mwaka 1946 redio ya CBS wakampa kipindi chake mwenyewe kwa jina lake, yeye ndo nyota. Hakikumaliza zaidi ya msimu mmoja. Watu waliompenda akiwa anapita dakika mbili ndani ya kipindi cha mwenzake hawakumshika akiwa katikati kwa nusu saa. Simdharau kwa hilo hata kidogo, nakwambia tu kwavile vijana wengi wanaona kuwa pembeni ni kushindwa. Aliendelea na Benny mpaka kwenye televisheni, hapo ndo watazamaji wakamwona sura. Kulikuwa na mazungumzo yao, Benny anamhoji bwana mmoja wa Kimeksiko anayejibu kwa neno moja tu kila swali, "Si", jina "Sy", dada yake "Sue", na Benny aliyekuwa anajua kila kitu kinachokuja alikuwa anashindwa kujizuia anacheka mbele ya kamera.

Hapo nikwambie pia kuhusu lafudhi za watu. Zile lafudhi za Kimeksiko zilikuja kulalamikiwa, mpaka kile kipanya chake Speedy Gonzales kikaondolewa kwenye chaneli ya Cartoon Network mwaka 1999, na waliopiga kelele kirudi, kikarudi 2002, wengi ni Walatino wenyewe, kwasababu waliona yule panya ni mwerevu na anashinda kila siku. Kwahiyo ukiigiza Mhaya au Mmakonde au Mpemba jiulize huyu mtu ana akili, ana heshima yake, au nimemvalisha kabila tu ili achekwe. Kenya marehemu Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa Vitimbi, alikuwa Mkikuyu akaigiza mzee wa Kijaluo kwa miaka mingi na watu kibao waliamini ni Mjaluo kweli. Sikio la namna ile halipatikani kwa mtu anayedharau anaowaigiza.

Tuje kwetu sasa. Kazi ipo, hujadanganywa. Mwaka 2011 TBC walionesha ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imeingizwa Kiswahili, watu wakaipenda mpaka Rais Xi Jinping alipokuja Dar mwezi Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba. StarTimes wakaja na mashindano ya kutafuta sauti, washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi, na Azam wakaja na tamthilia za Kituruki ambazo najua hata mama yako anazifuatilia. Naomba tu usichanganye hii na wale watafsiri wa kwenye vibanda vya video kina Lufufu au DJ Afro wa Kenya. Nawaheshimu sana, ni mafundi, ila wale wanasimulia filamu nzima kwa mdomo wao mmoja na wewe unajua unamsikia nani. Huku kwetu ukisikika wewe, umeharibu.

Na ni kazi ngumu kuliko ya Blanc kwa upande mmoja. Yeye mara nyingi alirekodi kwanza, wachoraji ndo wakafuata sauti yake kwa kalamu. Wewe unakuta Mturuki ameshaongea, midomo imeshafunguka na kufunga, na unatakiwa uingie humohumo. Yeye anasema "seni seviyorum", silabi sita, wewe una "nakupenda", silabi nne, mdomo wake bado unachezacheza na wewe umemaliza, kwaiyo unaongeza pumzi au unamtaja jina. Anasema "hayır", silabi mbili, wewe "hapana" tatu, tena ile p inafunga midomo wakati yake ipo wazi. Kuna siku tulikwama na "tamam". Ni neno lao la kukubali, wanalisema kila baada ya sekunde, tukaweka "sawa" na kila mara ilikuwa inaonekana vibaya, yule baba wa kwenye tamthilia anafunga midomo mwishoni na sisi mdomo upo wazi, tukajaribu "haya", tukajaribu "vema", nusu saa imekwenda, mpaka dada mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake kwenye benchi akasema kwani huyu mzee si aseme "naam". Tukaweka. Irabu zilezile, midomo inafunga palepale, na umri wake na heshima yake vikaingia vyote kwa neno moja. Mtafsiri aliinuka kwenye kiti akampa mkono. Yule dada alikuwa ametokea kwenye komedi, na hilo kwangu halikuwa jambo la bahati.

Kiswahili chako nacho kitapimwa. Kama unasema "zahabu" badala ya "dhahabu", au "thamani" yako inatoka "samani" mpaka mtu anawaza makochi, lirekebishe sasa, maana kwenye klipu ni utani na kwenye tamthilia ya sultani ni aibu. Soma gazeti kwa sauti kila asubuhi, nusu saa, alafu jisikilize.

Hela. Umeuliza mtu anaishije, na hapa naomba usome taratibu. Blanc alipoomba kuongezewa mshahara Schlesinger alikataa, wakaishia kukubaliana jina lake liwekwe kwenye skrini, kitu ambacho waigizaji wa sauti za katuni walikuwa hawapewi kabisa. Kuanzia 1944 hivi jina likawa linaonekana, na simu za kazi za redio zikaanza kuja zenyewe. Jina lilimlipa kuliko nyongeza aliyonyimwa. Lakini kuna upande wa pili wake, waliokuwa naye kwenye maiki, kama Arthur Q. Bryan aliyekuwa yule mwindaji Elmer mpaka alipofariki 1959, majina yao hayakuwekwa, na mpaka leo watu wanadhani zote ni Blanc. Wewe mwenyewe umeniandikia hivyohivyo, katuni karibu zote ni yeye. Hapana, kulikuwa na wenzake, na jina lisipoandikwa ndo linafutika hivyo.

Na yeye pia aliumizwa. Kile kicheko cha Woody, yule kigogota, ni chake, anasema alikuwa anakicheka tangu shule kwenye korido inayorudisha mwangwi. Alimfanyia Walter Lantz, mwenye katuni za huyo Woody, filamu chache mwanzoni, alafu mkataba na Warner ukamfunga, lakini kicheko kilishabaki kwenye mkanda kule na kikaendelea kutumika. Mwaka 1948 akaenda mahakamani, jaji akasema hukukisajili, akashindwa, na baadae ndo wakamalizana pembeni nje ya mahakama. Kicheko chake mwenyewe!

Mimi yangu ni ndogo lakini inafanana. Kuna kampuni ilinilipa mara moja kwa tangazo la redio, nikasaini karatasi moja nikiwa nimesimama mlangoni, tangazo likapigwa miaka minne, alafu wakakata sauti yangu wakaiweka kwenye tangazo la bidhaa nyingine kabisa ambayo hata nyumbani kwangu haiingii. Nilipouliza nikaoneshwa ile karatasi. Kwahiyo ukipewa mkataba kaa chini, usome itatumika wapi, kwa muda gani, kwa bidhaa ipi, na siku hizi uangalie sana kama kuna sentensi inayowaruhusu kutengeneza sauti yako kwa kompyuta. Waigizaji wa Marekani waligoma kuanzia 14 Julai mpaka 9 Novemba 2023 na moja ya mambo makubwa lilikuwa hilohilo. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na mwigizaji yumo, kwaiyo nenda COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ukaulize kabla hujasaini chochote cha maana. Kuuliza hakukufanyi uonekane mkorofi, na anayekasirika ukiuliza huyo ndo wa kumkimbia.

Nyumbani wanataka kazi ya maana na mimi siwalaumu, wanakupenda. Mwaka wa kwanza na wa pili usiache kinachokupa hela ya kula. Hata Blanc hakuwahi kutegemea mlango mmoja, alikuwa na katuni, redio tofautitofauti, rekodi za watoto, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akafungua kampuni ya matangazo ya kuchekesha na mwanae Noel. Tarehe 24 Januari 1961 akagongana uso kwa uso na gari jingine pale Sunset Boulevard, miguu yote ikavunjika na nyonga, akapoteza fahamu siku nyingi. Madaktari wanaongea naye hajibu. Mpaka mmoja akamuuliza, Bugs Bunny unajisikiaje leo? Na yule sungura akajibu kwa sauti hafifu. Familia imesimulia hivyo miaka yote. Wakati ule alikuwa pia Barney kwenye katuni ya The Flintstones, na kwa vipindi kadhaa mwigizaji mwenzake Daws Butler akamshikia nafasi, ila alipoanza kupata nafuu wakapeleka mitambo mpaka kitandani, amefungwa hogo karibu mwili mzima, maiki inaning'inia juu yake, wenzake wamemzunguka na skripti mkononi, na anacheka kile kicheko kizito cha Barney akiwa amelala chali. Hiyo nayo naona inajibu lile la mashati. Shati huwezi kulivaa ukiwa kwenye hogo. Wale walikuwa wanaishi ndani yake.

Koo lako lichunge pia. Sauti za kufoka zirekodi mwisho wa siku, maji ya uvuguvugu, barafu achana nayo, ukianza kukwaruzika simama hata kama unaona aibu kumwambia dairekta. Yule mfupi mwenye masharubu mekundu, Yosemite Sam, ndo aliyekuwa anamchosha Blanc koo kuliko wote, na uzeeni, kwenye filamu mojawapo iliyotoka 1988, ilibidi huyo Sam apewe mwigizaji mwingine, Joe Alaskey. Wengine wengi aliendelea nao mwenyewe karibu mpaka mwisho, alifariki 10 Julai 1989.

Sasa kazi ninayokupa. Chukua simu, ingia chini ya blanketi au ndani ya kabati lenye nguo ili mwangwi usiingie, nirekodie dakika mbili tu. Zile kumi na mbili usinitumie. Nataka wawili, bibi na konda, wapo ndani ya basi, bibi kasahau nauli na hataki kusema. Usiniambie nani anaongea, nijue mwenyewe. Na katikati uweke kimya kimoja kirefu kuliko unavyodhani kinavumilika. Nitakisikiliza hicho kwanza.